Mtoto wa Jumapili

Shuleni wote humeza kidonge cha umakini, Jumatatu hadi Jumamosi. Siku hizo binti yangu Nakiete chakula hakimpandi. Humeza matonge mawili, akarudi vitabuni. Jumapili dawa hupumzishwa, naye hula, hucheka ovyo, huja kunilalia mapajani. Kwa hiyo kila Jumapili napika ndizi za nyama, sufuria zima.

Leo alikaa mezani wima, midomo imemkauka, sahani hajaigusa.

“Umemeza?” nikamuuliza.

“Nimemeza, mama. Nilimwomba mwenzangu kimoja.”

“Hata Jumapili? Kwa nini, mwanangu?”

“Bila kidonge najiona mjinga. Yule wa Jumapili simpendi.”

Nilifunika sufuria. Yule wa Jumapili ndiye niliyemzaa.