Ndugu Msomi

Watu wa kodi walikifunga kiwanda cha Matimbwa, na alizeti ilikuwa inaoza ndani. Mlangoni mwa mahakama, wakili wa Matimbwa, Kaijage, alimcheka wakili aliyekodiwa na watu hao wa kodi.

"Ofisi ya wakili huyo inajua kutoa ushauri tu, mzee wangu. Mbele ya jaji wanakuwa kama kuku aliyenyeshewa. Wa kupigana ni sisi."

"Basi kapigane. Kiwanda kifunguliwe leo."

Waliingia. Wakili wa upande wa pili aliomba kesi isogezwe mpaka likizo ya mahakama iishe. Matimbwa akamtazama Kaijage.

Kaijage alisimama, akainama kidogo. "Mheshimiwa, sina pingamizi na ombi la ndugu yangu msomi."

Kesi ikaahirishwa. Nje, Matimbwa aliwakuta mawakili hao wawili wakicheka pamoja.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Ni lugha ya mahakamani tu, mzee."

"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Ninyi mmepatana, mkachukua kapu. Na shamba mnalovuna ni langu. Vua joho."

Kaijage alicheka peke yake. Matimbwa alikuwa ameshaushika ukosi wa joho, na hakuuachia.