Diski Aliyoichagua Shemeji

"Popote, shemeji, ila si kwa Bisibisi," mjane alisema njiani, mara mbili. "Yule fundi ni mwizi wa mchana."

Hilo lilitosha. Shemeji aligeuza gari katikati ya barabara, akaliegesha mbele ya mlango wa Bisibisi na kushuka bila kumfungulia.

Ndani ya karakana mlikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu na mizoga ya kompyuta iliyopangwa hadi darini. Shemeji aliitua mashine ya marehemu kaka yake kwa kishindo. Ilikuwa kompyuta ya mkononi ya miaka kumi na miwili, kona yake moja imepasuka. Ilimponyoka shemeji mwenyewe mikononi siku ya tatu ya msiba, na tangu hapo haikuwaka.

"Humu," alimwambia fundi, "yasemekana marehemu alijirekodi akitamka kwamba nyumba ni ya huyu. Ukoo umeamua ifunguliwe mbele yetu sote wawili. Sauti ikiwamo, nyumba yake. Isipokuwamo, Jumamosi anahama."

"Mwambie na aliyeiangusha," mjane alisema.

"Mwambie na aliyeileta msibani badala ya kulia."

Fundi hakuinua uso. "Mkitaka kupigana, uwanja uko nje. Hapa ni kazini."

Alikwangua kwa ukucha vidoa vyekundu vilivyoziba vichwa vya skrubu, akaufungua mgongo wa mashine na kuchomoa diski, kipande cha chuma kipana kama kiganja. Akaiunganisha na mashine yake. Wote watatu wakainama kusikiliza.

Kt. Kt. Kt. Kisha kimya.

"Imekufa," fundi alisema. "Na usinikodolee macho, mama. Mimi natengeneza, sifufui."

Mjane alishika ukingo wa meza. Shemeji alicheka kwa pua.

"Basi mfungie nyingine, asije akasema nimemdhulumu hata mashine. Una zipi?"

Fundi alipanga tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, ndugu wa ile iliyokufa. Ya pili ilikuwa mpya, lakini ya aina ileile, yenye sahani inayozunguka ndani. Ya tatu ilikuwa nyembamba na nyepesi kama biskuti.

"Hii haina kinachozunguka," alisema. "Hata akiidondosha mtu, haijali."

Shemeji alijifanya hakusikia.

"Kuukuu inatosha," mjane alisema haraka. "Mashine yenyewe ni kikongwe. Utamvisha bibi kizee viatu vya mbio?"

"Nani amekuuliza?" Shemeji alielekeza kidole kwenye kabati la kioo, penye kijiti kidogo kilichong'aa. "Na ile?"

"Ile haina pa kukaa humu, bosi. Mashine hii imezaliwa kabla yake. Bora inayoingia ni hii nyembamba. Nafasi yake ni mara nne ya ile iliyokufa."

"Bei?"

"Ya wenye uwezo."

"Ni upotevu, shemeji," mjane alisisitiza. "Chukua kuukuu."

"Funga nyembamba." Tayari pochi ilikuwa mkononi. "Watu wajue ni nani hunyima na ni nani hutoa."

Fundi aliifunga, akakaza skrubu moja moja. Kisha akatoa kichupa kwenye saraka, akachovya kijibrashi, na kutia doa jekundu juu ya kila skrubu.

"Rangi ya kucha!" Shemeji alimaka. "Hii ni karakana au saluni?"

"Ndiyo muhuri wangu. Kila skrubu ninayoikaza lazima niitie doa, mtu asije kesho akadai nimeiba kitu ndani. Miaka kumi na minne, sijaruka mashine hata moja."

"Umesikia, mama wa watu?" Shemeji alimgeukia mjane. "Mwizi wako wa mchana ana muhuri."

Mjane alikuwa amenyoosha mkono kuichukua ile diski mbovu.

"Hii naomba mimi. Baba mkubwa alisema ipelekwe kwenye kikao cha ukoo, iwe nzima, iwe mbovu."

Shemeji alimpokonya. "Ukaizungushe kwa mafundi mpaka umpate mwongo wa kukusemea?"

"Niachie, shemeji. Nakusihi."

Mtu aliyelelewa kwa nidhamu hulipokea ombi la mjane kwa kichwa kilichoinama. Yeye alilipokea kwa nyundo aliyoinyakua mezani. Aliipiga diski mara tatu juu ya bati la kazi la fundi, mpaka sahani yake ikatawanyika kama kioo, akazifagilia zile chembe ndani ya pipa kwa kiganja.

"Mashine mpe, akachezee karata," alisema mlangoni. "Na Jumamosi masufuria yawe yamefungwa."

Gari liliondoka kwa hasira ya mwenyewe.

Mjane alisubiri mpaka mlio wake ulipozama. Machoni hamkuwa na chozi. Alifungua mkoba, akatoa soksi nyeusi ya kiume, na ndani ya soksi akatoa diski ya chuma, pana kama kiganja.

"Hamishia kwenye mpya," alisema. "Anza na sauti ya marehemu."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, alitabasamu.

"Ile mbovu niliyokufungia Ijumaa iliyopita imekufa mara mbili," alisema. "Lakini nilikuwa natetemeka, mama. Je, angekubali kukupeleka kwa fundi mwingine?"

"Nimeolewa kwao miaka kumi na tisa," mjane alisema, akivuta kiti. "Hajawahi kunikubalia jambo hata moja."