Marumaru Nyeusi

Karakana ya Nasemba na mumewe Yeremia ilichonga mbao na ngozi tu, kwa mashine ya leza. Asubuhi moja alipofungua kompyuta kuchagua mipangilio ya mbao ya mninga, Nasemba aliona jina jipya chini yake: marumaru nyeusi. Nguvu ya mwali na mwendo wake vilishapangwa, na mtu aliyejaribu mara nyingi.

“Nani kaagiza marumaru?”

Yeremia hakugeuka. “Hakuna. Nilikuwa najaribu tu.”

“Bila kuniambia?”

“Si kila kitu cha kuambiana, mke wangu.”

Akatoka nje. Siku hizi alikuwa amekonda, suruali inamvuka, naye husingizia kazi. Nasemba akaanza kumwazia mabaya: kazi za siri, labda na mwanamke wa siri. Akapekua nyuma ya mabaki ya mbao mpaka mkono ukagusa kitu baridi, kimefungwa kwa kanga yake ya zamani.

Lilikuwa bamba la marumaru. Juu yake limechongwa jina la Yeremia, kwa herufi nzuri ajabu. Chini ya jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi tupu.

Nasemba akaifunika ile nafasi kwa kiganja, akakiacha hapo, huku akimsikia mumewe nje akicheka na mteja.