Fuwele ya Lubango

Mjini kwetu hatuziki tena. Majivu ya kila marehemu huoteshwa yakawa fuwele, kisha fuwele hupozwa na kupigwa mwali wa nyutroni ili usumaku wake uonyeshe kama inafaa kubeba umeme. Inayoweza kupitisha umeme bila kupoteza hata chembe huungwa kwenye nyaya za mji. Isiyofaa hurudishwa kwa wenyewe.

Nyamizi alikuwa fundi wa mwali huo siku ilipoletwa fuwele ya mumewe, Lubango. Ilikuwa nyeusi, ndogo kama punje ya mahindi. Aliipima mara tatu, na mara zote tatu haikuwa na dosari. Akaandika, "Haifai," akaenda nayo nyumbani.

Mama mkwe wake, Bi Kalunde, aliipokea kwa viganja viwili.

"Karibu nyumbani, baba," aliinong'oneza. Kisha akainua macho. "Mbona wamemrudisha?"

"Ameshindwa kipimo, mama."

Bi Kalunde akaketi sakafuni taratibu. "Wa majirani wote wamekubaliwa, hata yule mlevi wa Bi Gaudensia. Mwanangu alikosa nini?"

Nyamizi alitamani kumwambia. Lakini akiujua ukweli, mama angejivuna mtaa mzima, na maofisa wangekuja kumchukua Lubango.

"Sijui, mama," akasema.

Sasa fuwele iko juu ya kabati la vyombo. Mgeni akibisha hodi, Bi Kalunde huifunika kwanza kwa kanga, ndipo aitikie karibu.