Namba Mbili

Kiti kilikwenda mbele, kikazidi kwenda mbele, kisha kikainuka. Kiliposimama, kilikuwa kimeukaribia usukani kana kwamba kinataka kuunong'oneza.

Bernice alikuwa nje ya gari, fimbo mkononi, mlango wazi. Alikuwa amebonyeza kitufe cha namba mbili mlangoni. Namba moja ilikuwa ya Cass, mumewe. Namba mbili ilikuwa yake tangu waliponunua gari lile la Lincoln, miaka ishirini sasa. Ukibonyeza, kiti na vioo vya pembeni hujiweka jinsi mwenye namba alivyoviacha. Naye alikiacha kiti nyuma kabisa, chini kabisa. Alikuwa mwanamke wa futi tano na inchi kumi. Cass alimwita Twiga.

Aliyekaa hapa alikuwa mfupi.

Wivu ulimfika kabla ya jina. Dolores. Nani mwingine?

Wote watatu waliyatengeneza magari haya haya pale Wixom, mpaka kiwanda kilipofungwa. Kule kimo chako ndicho kilichokuchagulia kazi. Bernice alibandika kitambaa cha dari bila kupanda kibao. Cass alifunga viti. Dolores, kibete wa watu, alitumwa ndani ya buti la gari kukaza skrubu, na wanaume walikuwa wakimtania, "Sema kitu, mama, tusije tukakuuza na gari!" Sasa Dolores alikuwa mjane, na kila Ijumaa ya Kwaresima Cass alimrudisha nyumbani kutoka kwenye mlo wa samaki wa kukaanga parokiani. Gari lenyewe halina hata aibu: kiti cha mbele kimeenea upana wote, gia iko kwenye usukani, hakuna cha kuwatenganisha watu.

Tangu avunjike nyonga mwezi wa tisa, Bernice hakuwa ameshika usukani. Jana daktari alimruhusu. Alishuka gereji asubuhi hii, Cass akiwa bafuni, ili apige honi amshangaze.

Badala yake alisimama pale, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Rafu ya vikombe, ambayo Cass aliishusha jikoni Bernice akiwa hospitali. "Nilipaka rangi, nikaona ikae hapo." Kumbe! Si Dolores ndiye aliyekuja kupika supu wiki zile zote? Ndoano ya makoti nayo ikashushwa. Na juzi, alipozinduka usingizini kwenye kochi, alimkuta Cass ameinama karibu na miguu yake, akaficha utepe wa kupimia nyuma yake kama mwizi.

"Napima kochi," alisema.

"Kochi la miaka thelathini, leo ndiyo unalipima?"

Cass aliutia utepe mfukoni. Siku hizi hakumtazama hata usoni. Alipomlalamikia kwamba dobi amelivuta koti lake jekundu mpaka mikono inameza vidole, Cass aligeukia dirishani.

Alirudi ndani, akamkuta Cass jikoni, nywele mbichi, akimimina kahawa.

"Nani amekaa kwenye namba yangu?"

Mkono wa Cass ulisimama. "Umeshaenda gereji?"

"Usinijibu swali kwa swali, bwana wewe! Nimebonyeza. Kiti kimekwenda mpaka kinataka kupiga honi chenyewe."

"Bernice, nilitaka tushuke wote. Nilikuwa natafuta namna ya..."

"Namna ya kuniambia? Niambie sasa. Ni Dolores?"

"Dolores?" Alicheka, kisha akaona uso wake, kicheko kikafa. "Dolores haendeshi hata baiskeli, Twiga."

"Usiniite hivyo. Kamwite huyo wako jina la mnyama wa kimo chake. Miaka arobaini na sita, Cass! Umemshushia vikombe, umemshushia ndoano, sasa umempa na namba yangu."

Cass aliweka birika chini polepole, kama mtu aliyebeba kitu kinachovunjika.

"Umekikalia?" aliuliza.

"Nikalie umbo la mwanamke mwingine?"

"Kikalie kwanza."

"Naenda Toledo kwa dada yangu," alisema Bernice. "Na naenda na gari."

Hakumzuia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alichukua funguo, akachukua mkoba, akavaa lile koti jekundu lililoharibiwa na dobi, akashuka tena gereji.

Hakugusa namba mbili. Alishika swichi ya pembeni mwa kiti, akakirudisha kwa mkono: nyuma, nyuma, nyuma kabisa, chini, chini kabisa. Pale pale pa siku zote. Kisha akaketi, akavuta mlango, akanyoosha mguu kwenye breki.

Kiatu kilielea hewani.

Alijivuta mbele. Ncha ya kiatu iligusa breki kidogo, ikateleza. Juu ya usukani hakuona barabara. Aliona ukingo wa dashibodi na kipande cha mlango wa gereji. Dari, ile dari aliyozoea kuisikia ikimchezea nywele, ilikuwa mbali juu kama ya kanisa. Alitazama mikono yake. Mikono ya koti ilikuwa imemeza vidole.

Si dobi aliyelivuta koti.

Kisha akanyoosha kidole kisichotaka, akabonyeza namba mbili.

Kiti kikamwinua. Kikambeba mbele taratibu, bila haraka, mpaka wayo wake ukalala wote juu ya breki na viganja vikaukuta usukani. Kioo cha pembeni kikajigeuza kidogo, kikatulia, na ndani yake, katikati kabisa, alikuwa amesimama Cass kwenye mlango wa nyumba, utepe wa kupimia ukining'inia mkononi.

"Kimekukaa, Twiga?"