Mbuzi wa Miguu Mitano

Siku hizi kila karatasi hujisahihisha. Mtoto akichora mstari uliopinda, unanyooka wenyewe. Mbuzi wa binti yangu Mwajabu ni sawasawa na mbuzi wa watoto wote mtaani.

Mimi nilichora kwa mkaa, ukutani, jikoni kwa mama. Mbuzi wangu alikuwa na miguu mitano. Wa tano ulikuwa wa kupigia mateke. Mama alinichapa, kisha akakataa katakata kuupaka chokaa ukuta ule.

Leo nimempa Mwajabu kipande cha mkaa, nikamwonyesha ukuta wetu mweupe. Akachora mgongo wa mbuzi, umebinuka kama kilima. Machozi yakanilenga.

Yeye akarudi nyuma, akautazama mstari wake, akasubiri. Akasubiri sana.

“Mama,” akasema, “ukuta huu mbovu.”