Ufa Usiofanya Kazi Jumapili

Saa mbili na dakika tano asubuhi ukuta ukatetemeka, kama ilivyo kawaida yake, na Mama Nyufa akaandika daftarini: mitetemo mitatu, wa tatu mkali.

"Umeuona?" akamgeukia mumewe. "Hata leo haukuniangusha."

"Ufa huu una adabu kuliko wanao," mumewe akasema, akimnyooshea kola. Alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kumsindikiza, maana siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Saa nne jopo la maprofesa watatu lingefika hapo hapo ofisini, liuone ufa kwa macho, kisha liamue kama mkewe apewe uprofesa au astaafu na udaktari wake.

Miaka kumi na tisa nyuma alikuja chuoni hapo akiwa mhadhiri kijana, ana nyundo ya mawe, buti mpya na hamu ya kupanda milima. Alitaka kupima mipasuko mikubwa ya miamba, pale ardhi inapokatika vipande viwili na kila kipande kikashika njia yake. Gari la idara likafa wiki ya kwanza. Akaambiwa asubiri, linatengenezwa. Wiki ya tatu, akisogeza kabati, akaona ufa ukutani, mwembamba kama unywele, umenyooka kutoka sakafuni kwenda juu.

Akaupima, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kupima. Mwezi uliofuata ulikuwa umepanuka.

Makala yake ya kwanza kuhusu ufa huo yalimpa uhadhiri mwandamizi. Ufa ulipopita kimo chake na ghafla kupinda kulia, pembe mraba, jambo ambalo hakuna mwamba uliowahi kulifanya, akapata tuzo ya utafiti. Wageni wakaanza kuja kupiga picha. Gari la idara likaota majani, wala hakuliulizia tena.

Kisha akafunga kipima mitetemo, na hapo ndipo wenzake walipomvulia kofia. Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili na dakika tano, mitetemo mitatu. Jumamosi na Jumapili, kimya. Sikukuu zote za taifa, kimya. Na kila mwaka, mwezi wa Desemba, ufa ulitulia siku ishirini na nane mfululizo.

"Sasa ardhi inajuaje kalenda?" mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza.

"Hilo ndilo swali la sayansi," Mama Nyufa akamjibu, akaenda kuandika kitabu kizima juu ya uchovu wa miamba.

Adui yake alikuwa mmoja tu: fundi rangi. Mara mbili fundi huyo alitumwa na utawala kuziba ufa, na mara mbili Mama Nyufa alisimama mbele ya ukuta, mikono ameitandaza.

"Utanipaka mimi kwanza!"

"Lakini mama, huu mbona si..."

"Wewe ni fundi rangi au ni mtaalamu wa miamba?"

Fundi akabeba ndoo, akaenda zake.

Nyumbani nako mambo hayakuwa rahisi. Harusi ya mdogo wake iliangukia Ijumaa, akafika jioni, maharusi wameshaondoka. Binti yake alijifunza kuhesabu kwa milimita. Mumewe alivumilia yote, ila usiku wa kuamkia siku ya jopo alimwambia polepole, "Wakikunyima, mke wangu, tutahama. Sitaki kuona unazeeka ukiutazama ukuta." Mama Nyufa alijigeuza upande wa pili, akalia bila sauti.

Saa nne kamili jopo likaingia. Maprofesa wawili wakapapasa ufa kwa heshima, kama watu wanaomshika mtoto mchanga. Mwenyekiti hakuugusa. Alikuwa mzee mkavu, mwenye macho ya mtu aliyekataa wengi.

"Daktari, nimesoma kila kitu," akasema. "Vipimo vyako havina dosari. Kasoro ni moja tu. Miaka kumi na tisa hujatuambia ni nini kinachousukuma."

Mumewe akaziangalia ncha za viatu vyake. Mama Nyufa akapiga moyo konde.

"Ni nguvu, Mwenyekiti," akasema. "Siijui jina. Imo huko ndani, haionekani. Haina haraka. Inasukuma leo, inashindwa. Kesho inarudi, inasukuma tena. Ingekuwa mtu angeshakata tamaa. Mimi mwenyewe siku nyingi nilitaka kuacha, lakini nikisikia mtetemo wa saa mbili nasema, basi, kama yenyewe imekuja kazini, mimi ni nani?"

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatoa kalamu, akaweka sahihi.

"Hongera, Profesa."

Mumewe akapiga vigelegele kama mwanamke, bila aibu. Walikuwa bado wanapeana mikono ukuta ulipotetemeka tena, nje ya ratiba. Plasta ikapasuka juu hadi chini, kipande kizima cha ukuta kikafunguka kama mlango kwenye bawaba zenye kutu, na kutoka gizani akatokea mzee mwembamba, faili kwapani, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Samahani, Daktari," akasema huku akihema. "Mimi ndiye msaidizi wako wa utafiti, wa chumba cha nyuma; kila asubuhi nikifika kazini nausukuma mlango huu. Kesho nastaafu, nikaona si vizuri niondoke kabla hatujaonana."